Sari Haishonwi, Blauzi Hushonwa: Sayansi ya Kuchagua Kitambaa

Sari ni kitambaa kimoja kirefu, kwa kawaida yadi tano na nusu hadi tisa, kisichokatwa wala kushonwa. Hukaa mwilini kwa mikunjo inayochomekwa kiunoni kwenye sketi ya ndani, kisha ncha yake iliyopambwa, iitwayo pallu, hutupwa begani. Blauzi yake ni kinyume kabisa. Hutoka kwenye kipande cha sentimita 80 hadi mita moja hivi, hukatwa vipande vingi, kisha hushonwa ibane kifua, mgongo na mikono. Ndiyo inayolowa jasho la kwapa. Ndiyo inayovutwa kila mkono unapoinuka. Ndiyo pia inayobeba pallu kutwa nzima.

Pamoja na mzigo wote huo, wanunuzi wengi huuliza swali moja tu dukani: rangi zinaendana? Swali hilo lina haki yake, na tutalifikia. Lakini rangi ikipatikana na kitambaa kikawa kibaya, mvaaji atataabika mchana kutwa, na huenda mshono ukaachia kabla sherehe haijaisha. Fizikia na kemia ya nyuzi zinatupa mpangilio bora wa maswali: uzi gani, umefumwaje, kisha rangi gani.

Mavazi mawili yaliyokutanishwa

Huko Gujarat na Rajasthan, kaskazini-magharibi ya India, wanawake wamevaa choli, yaani blauzi fupi ya kushonwa, tangu zamani. Sehemu nyingine, Bengal ikiwemo, sari ilitosha peke yake. Mabadiliko ya Bengal yanahusishwa na Jnanadanandini Devi. Katika miaka ya 1860 aliishi Bombay na mumewe Satyendranath Tagore, Mhindi wa kwanza kuingia katika utumishi wa juu wa serikali ya kikoloni. Huko aliwaona wanawake wa Kiparsi walivyovaa sari pamoja na blauzi na sketi ya ndani. Aliichukua namna hiyo, akairekebisha na kurudi nayo Calcutta, ikaenea katika familia za wasomi.

Hivyo vazi lisiloshonwa likakutanishwa na vazi lililoshonwa, na hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipoanza. Vitambaa viwili vyenye tabia tofauti vinatakiwa kukaa mwili mmoja, kugusana, kuvutana na kufuliwa.

Uzi kwanza: jasho linakwenda wapi?

Maabara za nguo hupima vitambaa katika hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 65. Katika hali hiyo pamba hubeba maji ya takriban asilimia 8 ya uzito wake mkavu. Hariri hubeba kama asilimia 11, na viskosi hufika 12 au 13. Poliesta hubeba asilimia 0.4 tu.

Tofauti hiyo inatokana na molekuli zenyewe. Pamba ni selulosi, na kila kiungo cha mnyororo wake kina vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyovutana na maji. Hariri ni protini, nayo ina sehemu nyingi za kuyakaribisha maji. Mnyororo wa poliesta hauna sehemu kama hizo za kutosha, kwa hiyo maji hubaki nje ya uzi.

Mwili hupoa jasho linapogeuka mvuke. Kila gramu ya jasho inayovukiza huondoa joto la takriban kilojuli 2.4. Blauzi ya pamba iliyobana hunyonya jasho kutoka kwenye ngozi na kulisambaza mahali hewa inapolifikia. Blauzi ya poliesta nzito iliyobana vilevile hulifungia jasho katikati ya ngozi na kitambaa. Katika mji kama Chennai, wenye joto na unyevu wa bahari, tofauti hiyo hujulikana kabla saa moja haijapita. Dar es Salaam na Mombasa nazo ni miji ya joto na unyevu wa bahari, kwa hiyo ushauri unaofaa Chennai unafaa na huku.

Kuna pia suala la harufu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji walichapisha utafiti uliowahusisha watu 26 waliofanya mazoezi ya baiskeli kwa saa moja wakiwa na fulana. Fulana zilihifadhiwa zaidi ya siku moja, kisha zikanuswa na jopo. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba. Bakteria wa jenasi ya Micrococcus, wanaohusishwa na harufu ya jasho, walistawi zaidi kwenye nyuzi za kutengenezwa viwandani. Fulana ya mazoezi huvuliwa na kufuliwa siku hiyohiyo. Blauzi ya sari mara nyingi huvaliwa saa nyingi na hurudi kabatini baada ya kuanikwa hewani tu.

Hariri nayo ina udhaifu wake. Chumvi ya jasho hudhoofisha protini yake, na dawa za kuzuia jasho zenye chumvi za alumini huharakisha uharibifu huo. Ndiyo maana blauzi nyingi za hariri hufa kwapani huku sehemu nyingine zote zikiwa bado nzima. Mwenye kutaka blauzi ya hariri idumu aweke bitana ya pamba, aongeze kipande cha pamba kwapani, na aiache dawa ya kwapa ikauke kabisa kabla ya kuvaa.

Kitambaa cha mbili kwa mbili

Wahindi walilijibu swali la jasho zamani kwa kitambaa kimoja cha pamba kiitwacho rubia. Katika miji mingi ya India kuna maduka yanayojulikana kama «Matching Centre», ambayo kazi yake kubwa ni kuuza vitambaa vya blauzi na sketi za ndani. Mteja huja na sari yake kwenye mfuko. Muuzaji huikunjua ncha juu ya meza, huangalia ukuta wa majora yaliyopangwa kwa rangi kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na kuchomoa matatu au manne ya wekundu unaokaribiana. Humwaga kila kitambaa kando ya pindo la sari, huondoa kisichofaa, hadi libaki moja.

Rubia nzuri huandikwa «2x2». Maana yake ni kwamba uzi wa mtande, ule wa urefu, umesokotwa kwa nyuzi mbili, na uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana, vilevile. Nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja huzibiana mapengo: mahali mmoja ulipokonda, mwenzake hushika. Kitambaa huwa chembamba, laini na bado imara kwenye mshono. Kile cha «2x1» kina nyuzi mbili upande mmoja na mmoja upande wa pili; ni cha bei nafuu, na upande wenye uzi mmoja ndio hutangulia kuchakaa.

Pamba ina sifa nyingine inayofaa kwa blauzi ya kila siku: huongezeka nguvu ikilowa. Viskosi hufanya kinyume, na ikilowa inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Blauzi ya viskosi inayobana, ikalowa jasho mgongoni na mvaaji akainua mikono, imewekwa kwenye jaribio gumu kuliko yote.

Jaribio la kiberiti

Maduka huuza vitambaa vingi kwa jina la hariri, na jina pekee halimlindi mnunuzi. Chomoa nyuzi chache kwenye ukingo wa kitambaa, zishike kwa koleo juu ya sahani ya udongo au chuma, na uziwashe. Hariri halisi huungua taratibu, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole yakipoa. Hariri na nywele zote ni protini, kwa hiyo harufu inafanana. Pamba na viskosi huwaka haraka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu isiyosagika. Jaribio hili lifanywe kwa nyuzi chache tu, mbali na kitambaa chenyewe na mbali na watoto.

Ufumaji: mshono utashika?

Uzi mmoja unaweza kutoa vitambaa vya tabia tofauti kabisa kulingana na ulivyofumwa. Katika ufumaji wa kawaida, kila uzi wa mshindio hupita juu ya mtande mmoja na chini ya unaofuata. Nyuzi hukamatana mara nyingi, na kitambaa hakitawanyiki. Katika satini, uzi hurukia nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama. Mruko huo mrefu ndio unaorudisha mwanga kwa pamoja na kutoa mng'ao. Lakini kila mruko ni mahali ambapo nyuzi hazikukamatana, na zikivutwa huteleza.

Mshono wa blauzi iliyobana huvutwa kutwa nzima. Ngozi ya mgongo hunyooka kwa zaidi ya asilimia 10 mvaaji anaponyoosha mikono mbele. Kitambaa kilichofumwa hakinyooki kiasi hicho kwa kufuata nyuzi zake, kwa hiyo nguvu yote huishia kwenye mshono. Katika satini, organza na vitambaa vya zari (uzi wa metali) vyenye nyuzi laini, uzi wa kushonea haukatiki. Nyuzi za kitambaa ndizo husogea kando na kuacha uwazi pembeni mwa mshono.

Kuna kipimo cha sekunde chache. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vikiwa karibu, bonyeza, kisha vuta pande mbili. Ukiona nyuzi zimefunguka na kuacha dirisha ambalo halifungi ukiachia, kitambaa hicho hakifai kubeba blauzi iliyobana kikiwa peke yake. Kinaweza kutumika juu ya bitana imara, kwa mshono wenye akiba pana na nafasi kidogo zaidi mgongoni.

Fundi hodari ana njia nyingine, ya kukata mshazari, yaani kwa pembe ya nyuzi 45. Nyuzi zikikaa mshazari, miraba midogo ya ufumaji inaweza kulala na kuwa msambamba, na kitambaa hunyooka bila uzi wowote kunyooka. Vipande vya kifua vikikatwa hivyo huumbika vizuri mwilini. Gharama yake ni kitambaa zaidi, na hapo kipande cha sentimita 80 huenda kisitoshe. Muulize fundi kabla hujanunua.

Bega na hesabu ya Euler

Sari nzito ya hariri kutoka Kanchipuram, mji ulio umbali wa takriban kilomita 70 kutoka Chennai, inaweza kukaribia kilo moja. Sehemu ya uzito huo huning'inia begani, pallu ikiwa upande wa nyuma na mikunjo ya kifua ikivuta mbele. Je, kwa nini haiporomoki?

Mwanahisabati Leonhard Euler, katika karne ya 18, alieleza jinsi kamba iliyozungushwa kwenye gogo inavyoweza kuzuia mvuto mkubwa kwa nguvu ndogo. Kiasi cha kuzuia hutegemea mambo mawili: msuguano kati ya vitu viwili na pembe ya kuzunguka. Pallu begani inafuata kanuni hiyohiyo. Tuchukulie kwamba inazunguka bega kwa nusu duara. Kigezo cha msuguano kikiwa 0.2, kama katika vitambaa viwili vinavyoteleza, mvuto wa mbele unaweza kufika mara 1.9 ya uzito unaoning'inia nyuma kabla sari haijaanza kuteleza. Kigezo kikiwa 0.5, unaweza kufika mara 4.8. Msuguano umeongezeka mara mbili na nusu. Uwezo wa kushika vilevile umeongezeka mara mbili na nusu, na kazi iliyobaki kufanywa na pini imepungua sana.

Fundisho lake ni la moja kwa moja. Sari ya shifoni au satini inayoteleza isipewe blauzi ya satini. Ipewe blauzi yenye uso wa kukwaruza kidogo: pamba, hariri ghafi yenye vinundu, au krepu isiyong'aa. Hariri ghafi ya aina ya dupioni hupata vinundu vyake kwenye koko mbili za viwavi zilizoungana, ambazo uzi wake haukunjuki sawasawa. Dosari hiyo ya koko ndiyo inayoshika pallu begani. Na pini ikitumika, ipite kwenye mikunjo kadhaa ya pallu kwa pamoja na kuingia kwenye mshono wa bega, mahali penye tabaka nyingi. Pini moja kwenye tabaka moja ya hariri hukata nyuzi na kuacha tundu lisilotengenezeka.

Bitana iloweshwe kwanza

Blauzi nyingi huharibika baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na lawama humwangukia fundi. Sababu mara nyingi ni bitana. Uzi wa pamba hunyoshwa kwa nguvu wakati wa kufumwa na kumalizwa kiwandani. Ukilowa, nyuzi huvimba, mkazo unaachia, na kitambaa hurudi kwenye urefu wake wa asili. Kitambaa cha juu kikiwa poliesta, hakipungui. Matokeo ni blauzi yenye mikunjo kila mshono, na hakuna pasi inayoiondoa.

Dawa yake haina gharama. Bitana ya pamba, na kitambaa cha juu kikiwa pamba pia, viloweshwe majini usiku mzima, vianikwe kivulini na kupigwa pasi kabla ya mkasi kugusa. Hariri na zari visiloweshwe ovyo. Hivyo viachiwe msafishaji wa nguo bila maji, na bitana yake ndiyo iloweshwe kwanza.

Sasa rangi

Vitambaa viwili vinaweza kufanana dukani na kutofautiana mlangoni. Rangi tunayoiona ni mwanga uliorudi kutoka kwenye kitambaa, na jicho huujumlisha mwanga huo kwa aina tatu tu za seli. Dawa mbili tofauti za rangi zinaweza kurudisha mchanganyiko tofauti wa mawimbi na bado zikatoa jumla moja chini ya taa fulani. Ikibadilishwa taa, jumla zinaachana. Wanasayansi huliita jambo hilo metamerizimu, na hutokea sana pale sari ya hariri iliyotiwa dawa moja inapolinganishwa na pamba iliyotiwa dawa nyingine. Kwa hiyo toka na vitambaa vyote viwili hadi mlangoni, viangalie kivulini wakati wa mchana, kisha virudishe chini ya taa. Kama sherehe ni ya usiku, uamuzi wa taa ndio wenye uzito zaidi.

Umbo la uzi nalo huingilia. Uzi wa hariri, ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, una umbo la pembetatu yenye pembe za mviringo, na huakisi mwanga kwa nguvu. Uzi wa pamba ni bapa na umejisokota, hutawanya mwanga kila upande. Rangi ileile ikiwa juu ya pamba huonekana imetulia na juu ya hariri huonekana imewaka. Anayeshindwa kupata rangi sawasawa asilazimishe: aende kwenye rangi ya tofauti ya makusudi. Kanchipuram wenyewe wamefanya hivyo kwa vizazi. Katika ufumaji wa korvai, pindo la rangi moja hufungamanishwa na mji, yaani sehemu ya kati ya sari, wa rangi nyingine, na blauzi hufuata pindo.

Sari nyingine hubadilika rangi mvaaji anapogeuka, kwa sababu mtande na mshindio ni wa rangi tofauti. Usikisie. Angalia mashada kwenye ncha ya pallu, tenganisha uzi mmoja na mwingine, uone kila mmoja peke yake. Mashada hayo ni nyuzi za mtande, na ukingo hukuonyesha mshindio. Blauzi ikifuata mmojawapo wa nyuzi hizo mbili, hukubaliana na sari kila upande.

Mwisho wa suala la rangi ni uaminifu wake. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, sugua ukingo wa kitambaa cha blauzi mara kadhaa. Kikiacha doa, jasho litafanya vivyo hivyo kwenye sari, na doa la kwapa kwenye hariri ya rangi nyepesi halitoki.

Kipi na kipi

Kwa sari za pamba, kama tant za Bengal au Kota za Rajasthan, rubia ya 2x2 haikosei. Pamba yenye chapa za mihuri za ajrakh kutoka Kutch, au ikat ya Pochampally, ambayo nyuzi zake hutiwa rangi kabla ya kufumwa, huleta uhai kwenye sari isiyo na mapambo. Kwa sari za hariri za Kanchipuram na za Banaras (Banarasi), chagua hariri isiyo na mapambo au hariri ghafi yenye bitana ya pamba. Sari imekwisha kusema, blauzi haina haja ya kushindana nayo. Kwa shifoni na jojeti, chagua uso usioteleza. Kwa organza inayoonyesha ndani, blauzi iwe na kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, kwa kuwa kila mshono utaonekana.

Mahameli hushika pallu vizuri na hupendeza na Banarasi, ila manyoya yake hufungia hewa ya joto. Ni vazi la harusi za majira ya baridi Delhi. Wanaovaa sari pwani ya Afrika Mashariki, wawe wa jamii za asili ya Kihindi au maharusi wanaoipenda kwa usiku wa hina, waiache mahameli hadi watakaposafiri kwenda kwenye baridi.

Blauzi za zari zina sharti moja zaidi. Fedha iliyomo kwenye zari ya kale hukutana na salfa ya jasho na hewa na kuwa nyeusi, na manukato ya kupuliza huiharibu pia. Jipulize kwanza, ikauke, ndipo uvae.

Unapokwenda kununua, beba sari yenyewe. Picha ya simu haioneshi uzi wala mng'ao. Vuta kitambaa kwa vidole gumba, kisugue na kitambaa cheupe kilicholowa, kitoe nje ukione mchana. Mkabidhi fundi bitana iliyokwisha loweshwa, na umwambie wazi utaivaa blauzi saa ngapi na mahali gani. Anayefanya hivyo atavaa blauzi moja miaka mingi, na sari yake itabaki begani.